Mwalimu Aliyekosea Makusudi

Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo mambo ya elimu msiniulize. Mimi nitawaeleza mtu. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo pale shuleni kwetu Izigo, wale wa darasa la awali wanaokuja asubuhi na makamasi na kikombe cha uji. Tulimwita Mwalimu, basi. Walimu wengine walikuwa na majina yao, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza kitu, kila mtu anajua ni yule. Ukoo wake sikuwahi kuujua, na kwetu Wahaya kutojua ukoo wa mtu ni kama hujamsalimia. Nilijua tu kwao ni Miembeni, mjini Bukoba, Mwislamu, watu wake wengine walitokea pwani zamani na wengine ni wa hapahapa. Kihaya alikisema kama mimi. Mtandio hakuuvua hata jua liwake vipi.

Namweleza kwa sababu ya mjukuu wangu Koku. Koku ni mtoto wa binti yangu aliyekuwa anaishi Mwanza. Binti yangu aliugua, akafa, tukamleta kumzika nyumbani. Mtoto aliletwa baada ya mazishi, ana miaka minne, na tangu ashuke kwenye basi hakusema neno. Siku moja, wiki, mwezi, mwaka. Masikio tulipima, mazima. Ukimtuma maji anakuletea maji. Ila kinywa kimefungwa. Hata akilia, machozi yanatoka bila sauti. Nikaanza kuogopa nitampoteza na huyu, na kweli nilikuwa nampoteza, mtaona.

Mwalimu nilimjua kabla ya hapo, kwa ugomvi. Wajukuu wangu wa kwanza walipoanza kwake, sisi wanawake tuliona watoto wanarudi nyumbani madaftari meupe, magoti yamejaa vumbi. Wenzangu wakanichagua mimi niende kumsema. Walinichagua kwa kuwa mdomo wangu hauna likizo, nalijua hilo, hata marehemu mume wangu alikuwa akisema atapumzika akifa. Nikaenda na jembe langu begani. Namkuta uwanjani anaruka na watoto, mtu mzima yule, gauni limepanda.

"Mwalimu," nikamwambia, "tumewaleta watoto wasome, wewe unawarusha kama senene."

"Weka jembe chini, Bibi," akasema. "Uruke na wewe."

Ulikuwa ule mchezo wa nyama. Mmoja anaita, "Nyama, nyama, nyama," wanaitikia, "Nyama!" Anataja ng'ombe, wote wanaruka na kupiga kelele, "Nyama!" Anataja mbuzi, wanaruka. Anataja mbwa, aliyeruka katoka, wanamcheka. Mimi nikaweka jembe. Akataja senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Nusu wakaruka, nusu wakabaki chini, vita ikaanza. Mmoja anasema senene si nyama, hana damu. Mwingine anasema ni nyama, tunamkaanga na chumvi. Wa tatu anasema kwao wanawang'oa mabawa kwanza kwa hiyo ni kuku. Mwalimu amesimama, mikono nyuma. Nikasema, "Waambie basi jibu." Akaniangalia kama mtu aliyemwaga maziwa. Hakuwaambia. Watoto waligombania senene mpaka kengele, kwa Kiswahili, watoto ambao asubuhi ile ukiwauliza jina walikuwa wanaficha uso.

Siku nyingine aliita, "Nguruwe." Watoto wetu wa Kikatoliki wakaruka juu kabisa, watoto wawili Waislamu wakabaki chini, na Mwalimu naye kabaki chini. Kitoto kimoja cha kike kikamwambia, "Mwalimu, umetoka, hukuruka." Akajibu, "Kwetu si nyama." Kikamwambia, "Kwa nini umemwita sasa?" Alicheka siku ile, na kucheka kwake ni jambo la nadra, alikuwa anacheka kwa pua kama anapiga chafya.

Nilirudi kwa wenzangu. Wakauliza umemwambiaje. Nikasema nimeruka.

Mfuko wa gauni lake, ule wa mkono wa kulia, ulishonwa kwa kitambaa cha rangi nyingine, kwa sababu ule wa kwanza ulitobolewa na mawe. Mawe ya mdako, madogo, ya mviringo, aliyaokota ufukweni mwa ziwa. Kila Ijumaa anayaosha kwa sabuni kama mtu anaosha vikombe vya wageni. Anayamwaga mkekani, unarusha moja juu, kabla halijashuka unaokota jingine kwa mkono uleule, na ukitikisa lililo jirani umekufa. Yeye huo mdako aliujua vibaya sana, au tuseme aliuharibu makusudi. Anaruka zamu ya mtoto. Anahesabu mawili, anasema matatu. Anagusa jiwe halafu anajifanya anaangalia mawinguni. Mtoto anavumilia mara moja, mara mbili, ya tatu anapasuka: "Mwalimu, unaiba." Yeye anakataa. Mtoto anamweleza alivyoiba, jiwe lipi, saa ngapi, nani shahidi. Maneno yanatoka kama mahindi gunia limechanika.

Nilimwuliza kwa nini anajidhalilisha hivyo mbele ya watoto. Akasema, "Bibi, mtoto hasemi kwa sababu analijua neno. Anasema kwa sababu ameonewa."

Usidhani alikuwa mpole. Wengine wakisikia michezo wanafikiri ni mtu wa kubeba watoto mgongoni. Hakuwabeba. Hakusema "vizuri" hata siku moja. Mtoto akianguka anamwambia, "Simama, utaje ulipoumia." Akisema "hapa" haitoshi, anataka atamke goti. Na sisi watu wazima alikuwa anatuchoka upesi. Huyu aliyewafumbua watoto midomo, mwenyewe ukikaa naye mnanyamaza mpaka chai inapoa. Mara moja nilikuwa namsimulia harusi, nikafika kwenye zawadi, akanyanyuka akafunga mlango, mimi nimebaki nje na hadithi yangu. Kesho yake hakuomba radhi. Aliuliza tu, "Zawadi ilikuwa nini?"

Na jambo jingine lisilokaa sawa: shuleni Kihaya kilikatazwa, kulikuwa na kibao cha kumvalisha shingoni mtoto akiteleza akakisema. Mwalimu alikikalia hicho kibao kwenye kigoda chake mwaka mzima, wakikitafuta hawakioni. Lakini mtoto wake mwenyewe alipomjibu vibaya kwa Kihaya mbele yetu, alimchapa, akamwambia arudie kwa Kiswahili kizuri. Nikasema, "Mwalimu, mbona?" Akasema, "Huyu wangu anavijua vyote viwili, Kihaya anakichagua kwa kutukana." Haya, nikaacha.

Alikuja mkaguzi mmoja akataka madaftari. Mwalimu akamwambia akae kwenye mkeka acheze na watoto, atasikia. Mkaguzi ana suruali iliyopigwa pasi. Hakukaa. Akaandika anayoandika, na baada ya hapo Mwalimu aliitwa ofisini mara nyingi. Alikuwa anatoka huko anakwenda moja kwa moja chini ya migomba kukusanya majani makavu, anasuka mpira wa watoto, anakaza kamba kwa meno.

Sasa Koku. Nilimpeleka nimemshika mkono. Mwalimu akainama mpaka uso kwa uso.

"Unaitwa nani?"

"Anaitwa Koku," nikasema.

"Una miaka mingapi?"

"Mitano inakuja."

"Umekunywa uji?"

"Amekunywa, ila aliacha kidogo, hapendi ukiwa na..."

Mwalimu akanyooka. "Bibi Koku. Nimemwuliza nani?"

Akanipa dawa yake. Nyumbani nisimjibie mtoto. Akiulizwa, ningoje. Mimi, kungoja. Nikaona njia moja tu, nikawa naweka kahawa mdomoni, zile tunazotafuna, mbili kila shavu, nikae nazo. Majirani wakija wanamwuliza mtoto, "Koku, hujambo?" mimi natafuna kahawa nimekodoa macho, wanafikiri nimepatwa na kitu. Mtoto haongei, na bibi haongei. Nyumba ilikuwa nzito jamani. Usiku moyo unanidunda kwa kahawa.

Kwenye mchezo wa nyama Koku aliruka. Hakukosea hata mara moja, hakuruka kwa mbwa, hakuruka kwa paka. Mwenzake akiruka vibaya anamfinya. Lakini ikifika pale pa kupiga kelele "Nyama," miguu iko juu na mdomo umefungwa. Mwalimu alimwibia mdako mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Koku anamwangalia tu, anachukua jiwe lililoibwa anarudisha mahali pake, anaendelea. Mwezi, miwili, mitatu.

Siku moja Mwalimu akaniambia, "Anajua kila kitu huyu. Kuna kitu anangojea." Halafu akauliza, "Mama yake mmemwambiaje?"

"Tumemwambia amesafiri."

"Amesafiri wapi?"

Nikacheka kidogo, maana kila mtu nyumbani alikuwa na safari yake. Mjomba alisema Dar, jirani akasema Uganda, mimi nilisema amekwenda hospitali kubwa atapona atarudi. Mwalimu akasema, "Haya." Akaenda kuosha mawe, na Ijumaa haikuwa.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Kwetu mtoto mdogo haambiwi kifo. Akiuliza unamwambia amelala, amesafiri, unampa ndizi. Mimi mwenyewe nilifanyiwa hivyo, nikakua. Huyu mtu wa mjini anataka nimfunulie mtoto jeneza. Wiki nzima nilimpitia mbali.

Halafu umri wake wa kazi ukaisha, katikati ya mwaka, akarudi kwao Miembeni. Siku ya kuondoka watoto walimshika gauni, yeye anasema, "Niacheni, mnanichelewesha." Akanipa mkono mimi, akampa mkono Koku kama anampa mtu mzima. Basi.

Mwalimu aliyekuja baada yake ni binti mzuri, sina ubaya naye. Ila ni wa ubaoni, anaandika, wanafuatisha kwa pamoja, sauti arobaini kama moja. Ukiwa hufungui mdomo hakuna anayejua. Koku akahamia nyuma. Akaanza kuchora kwenye vumbi la dawati. Nilipokwenda kumchungulia dirishani nilimwona amekaa kama mgeni kwenye msiba wa watu asiowajua.

Desemba shule zikafungwa, baba yake mkubwa akaja kutoka Ngenge. Si mtu mbaya. Alileta mihogo, akakaa, akasema, "Mama, mtoto ni wa ukoo wetu. Baba yake hayupo, nipo mimi. Umri wako umeenda. Bubu utakaa naye mpaka lini?"

"Si bubu."

"Basi aseme."

Koku yuko pale mlangoni, anasikia yote.

"Kuna shule ya wasiosikia, ya bweni, mbali kidogo," akasema. "Januari nakuja. Nikimkuta anaongea, namwacha kwako, nitashukuru Mungu. Nikimkuta hivi, namchukua. Tusigombane."

Kwa mila ana haki yote. Akaondoka. Kuanzia siku ile mimi sikuwa mtu. Nilipiga magoti kanisani mpaka padri akaniuliza kama goti linauma. Nilimpeleka mtoto kwa mama mmoja anayechanja ulimi, nikafika mlangoni, nikauona wembe, nikarudi. Nilimwita Koku kwa sauti ya paka, ya kuku, ya mama yake, naam, ya mama yake, niliweza kuiiga, nikamwita jikoni kwa sauti ile. Alikuja mbio. Akaniona ni mimi. Sitaisahau sura ile mpaka nazikwa.

Na siku moja, hili sikumwambia mtu, nilimshika mabega nikamtikisa. "Sema," nikamwambia. "Sema bojo, mjukuu wangu, sema hata unitukane. Wanakuchukua." Kichwa kinakwenda huku na huku. Alinitazama tu, ananingojea nimalize. Nilipomwacha aliokota kitambaa changu cha kichwa, kilichoanguka, akanipa.

Kesho yake tukaenda Miembeni.

Niliuliza kwenye maduka, wakanionyesha nyumba ya nyuma, uani kuna ndoo na kamba za nguo. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imevimba, ameegemea ukuta. Macho yake yalikuwa na ule weupe katikati, mtoto wa jicho.

"Bibi Koku," akasema kabla sijabisha hodi. "Nimekusikia tangu barabarani. Nyegera, karibu. Umekuja na nani?"

Mara hii nilingoja. Koku naye akangoja. Mwalimu akanyoosha mkono hewani, Koku akamshika.

"Haya," Mwalimu akasema.

Nikamweleza yote, Ngenge, Januari, shule ya mbali. Nikalia, sikujali. Nikamwambia, "Mwalimu, nimebakiwa na wiki mbili." Akasema hana dawa ya wiki mbili. Akasema hajawahi kuwa nayo. Akaniambia nikae karibu na mlango, na mkwewe alipoleta chai akamwambia anipe mimi kikombe kikubwa.

Akatoa mawe. Mfuko ni uleule. Akayamwaga mkekani, Koku akakunja miguu mbele yake. Wakacheza. Koku akarusha, akaokota, akarusha, akaokota, vidole vyepesi, hajatikisa hata moja. Zamu ikaenda kwa Mwalimu. Akarusha jiwe juu, kichwa kimeinuka kulifuata na nadhani hakuliona, mkono uleule unapapasa mkekani kutafuta la kuokota, akagusa mawili, moja likabingirika. Akalidaka lile la juu kwa bahati.

"Umegusa," Koku akasema.

Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza, kama ya mtu aliyeamka homani. Chai ilinimwagikia mapajani, nikaiacha iniunguze.

"Sijagusa," Mwalimu akasema.

"Umegusa. Lile limesogea."

"Lipi?"

"Lile. La karibu na goti lako."

"Mimi silioni."

"Mimi nimeliona," Koku akasema. "Zamu yangu."

Mpaka leo sijui kama alikosea makusudi au ni macho. Siku nyingine nasema ni makusudi, siku nyingine namwona tena anavyopapasa. Yeye hakuonyesha chochote. Alisukuma mawe upande wa mtoto, wakaendelea, na mimi niliponyanyuka akaninyooshea kidole nikae. Wakamaliza mchezo mzima. Mwalimu alishindwa.

Koku akayakusanya mawe mawili mawili. Kisha akamwuliza Mwalimu, si mimi, "Mama yangu yuko wapi?"

Nilimtazama Mwalimu, nikimwomba kwa macho, yeye ambaye macho yake hayaoni. Najua angeweza. Angemjibu vizuri kuliko mimi, ndiyo kazi yake.

"Mimi sikuwepo," akasema. "Anayejua yuko hapo mlangoni."

Koku akageuka. Mimi niliyewasimulia nyinyi yote haya bila kuchoka, nilikuwa na maneno matatu tu, na kuyatoa ilikuwa kama kung'oa mgomba na mizizi yake.

"Mama yako amekufa."

"Amezikwa?"

"Amezikwa."

"Wapi?"

"Nyumbani. Kwenye kibanja, karibu na babu."

Akafikiri. "Lile la pili," akasema.

Makaburi mawili yako hapo kwenye kibanja chetu, shamba la migomba la nyumbani, hatua ishirini kutoka jikoni. Alikuwa anapita hapo kila siku kwenda kuchota maji. Alikuwa anaanika nguo zake kwenye mti wa kahawa ulio juu yake.

"Lile la pili," nikasema.

"Ulisema ni la ndugu yake babu."

"Nilisema."

Baba mkubwa alikuja Januari kama alivyoahidi. Akamwuliza jina, akatajiwa jina, akala, akarudi Ngenge peke yake. Lakini hayo ni ya mbele, na siku ile pale Miembeni nawaambia kweli sikumkumbuka hata kidogo.

Koku alianza kulia, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu alilia kwa sauti. Ilianza ndogo, ikakua, ikajaa ile nyumba, ikatoka uani, mwaka mzima na nusu ulikuwa humo. Nilimfuata mkekani kwa magoti, akanisukuma, nikarudi tena, akaniacha. Watu wa dukani wakaja mbio. Mama mmoja akasimama mlangoni na unga mikononi, akauliza mtoto amepigwa na nani.

"Hajapigwa," Mwalimu akasema, bado ameegemea ukuta wake. "Mwacheni amalize."